Wimbo Uwe wa Wote: Mwongozo wa Albamu ya Kwanza ya Kundi la Wasichana

Ukisema unataka kutengeneza albamu ya kwanza ya kundi la wasichana, watu watakuambia utafute kwanza prodyuza mkali, au fedha za video, au mtangazaji wa redio wa kuupigia wimbo debe. Yote hayo yana wakati wake. Mimi nakushauri uanze na maswali matatu yanayojibiwa kwa maandishi: nyimbo zitakuwa za nani, jina la kundi ni la nani, na nani ana kauli kuhusu wimbo utakaotoka kwanza. Ninavyoona, majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua jinsi albamu itakavyosikika na jinsi itakavyouzika, kuliko biti yoyote utakayonunua. Ushahidi wangu mkubwa ni Spice, albamu ya kwanza ya Spice Girls, iliyotoka Uingereza tarehe 4 Novemba 1996 na kuuza zaidi ya nakala milioni 20 duniani. Nimeichagua makusudi, kwa sababu kundi hili hutajwa kila mara kama mfano wa wasanii waliotengenezwa kiwandani. Ukifuatilia kazi yao hatua kwa hatua utaona kwamba walifanikiwa pale walipoukataa utaratibu huo wa kiwanda na kuanza kujiamulia.

Ni kweli mwanzo wao ulikuwa wa kupangwa. Mwaka 1994 Bob Herbert na mwanawe Chris, wenye kampuni ya Heart Management, waliweka tangazo kwenye gazeti la The Stage, na mamia ya wasichana wakajitokeza London kufanyiwa usaili. Waliochaguliwa walipangishiwa nyumba Maidenhead, wakapewa walimu wa sauti na dansi, wakaishi pamoja miezi mingi wakifanya mazoezi. Mmoja wao hakudumu, na nafasi yake ikachukuliwa na Emma Bunton. Desemba 1994 walionyeshwa mbele ya watunzi na maprodyuza katika studio za Nomis, London, na wageni wale walipovutiwa ndipo mkataba ukaletwa mezani. Wasichana hawakuharakisha kusaini. Waliomba ushauri nje, akiwemo baba yake Victoria Adams, na mwanzoni mwa 1995 waliondoka zao bila kusaini chochote. Baada ya hapo walimtafuta mtunzi Eliot Kennedy mpaka Sheffield, wakampata meneja Simon Fuller, na mwaka huohuo wakaingia mkataba na lebo ya Virgin wakiwa ni kundi linalojua linataka nini. Kama wewe ni meneja unayelipia kodi ya nyumba na nauli za mazoezi, kisa hiki kinaweza kukuuma, na una haki ya kuumia, kwa sababu gharama ni yako. Dawa yake ni kuandika mapema, siku ya kwanza unapotoa fedha, kwamba gharama hizi ni mkopo utakaorudishwa kutoka mapato ya kiasi fulani, hata kundi likiondoka. Ukichelewesha karatasi ukitegemea shukrani, utawakuta wameshajua thamani yao. Na wasichana wawe na mwanasheria wao, asiwe yule anayekutetea wewe.

Jina la kundi ndilo linalosahaulika kuliko yote, labda kwa kuwa mwanzoni halina thamani yoyote. Florence Ballard ndiye aliyechagua jina la The Supremes kule Detroit mwaka 1961. Alipoondolewa kwenye kundi mwaka 1967, masharti ya kuagana naye yalimkataza kujitangaza kama aliyewahi kuwa mmoja wa Supremes, na alifariki mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 32, baada ya maisha ya dhiki. Sugababes wa London walitoa albamu yao ya kwanza, One Touch, mwaka 2000 wakiwa wasichana watatu. Kufikia 2009 hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa amebaki, lakini jina liliendelea kuimba likiwa na watu wengine. Watatu wa mwanzo walipoungana tena mwaka 2012 walilazimika kujiita MKS, herufi za mwanzo za majina yao, kwa sababu jina walilolijenga wenyewe halikuwa mikononi mwao. Ilichukua miaka kadhaa kulirudisha. Kwa hiyo lisajili jina kama alama ya biashara kabla hata ya kutoa singo: kwa Tanzania Bara ni BRELA, kwa Kenya ni KIPI. Lisajiliwe kwa jina la kampuni ambayo wanakundi wote wana hisa sawa ndani yake, meneja akipewa haki ya kulitumia kwa muda wa mkataba wake tu.

Sasa tuje kwenye nyimbo zenyewe. Spice ina nyimbo 10, na katika kila wimbo wote watano wametajwa kuwa watunzi pamoja na watunzi wa nje. Walikubaliana kugawana sawa fungu lao bila kujali nani alileta mstari upi. Tazama Wannabe, wimbo uliowatambulisha. Ulitungwa haraka sana katika kikao kimoja na Richard Stannard na Matt Rowe, na Victoria hakuwepo sehemu kubwa ya kikao hicho. Alikuwa harusini, akawasiliana na wenzake kwa simu. Ndiyo maana ukisikiliza beti za wimbo ule hutasikia sauti yake ikisimama peke yake. Lakini fungu lake la mirabaha ni sawa na la wenzake. Watu wengi wakisikia hivyo wanasema ni dhuluma: kwa nini aliyekuwa harusini alipwe sawa na aliyekesha studio? Ni swali la haki na linastahili jibu la maana. Jibu langu ni kwamba mkataba wa kundi haupimi wimbo mmoja. Unapima miaka ambayo leo mmoja atakosekana na kesho mwingine ataumwa koo, na albamu inahitaji wote wabaki na moyo wa kuimba vizuri hata mistari ya kuitikia. Mgao ukifuata mistari, kila kikao cha kutunga kinageuka mnada. Msichana atang'ang'ania neno lake libaki hata kama linaharibu kiitikio, kwa sababu neno hilo ni fedha. Mgao ukiwa sawa, mtu anaweza kusema wazo lako ni zuri kuliko langu na asipoteze shilingi.

Kuna hali ambapo usawa kamili hauwezekani, kwa mfano mmoja wao ni mtunzi wa kweli na wengine ni waimbaji watupu. Hapo mpe nyongeza yake iliyo wazi, iandikwe mapema, na kilichobaki kigawanywe sawa kwa wote akiwemo yeye. Watunzi wa nje nao walipwe haki yao bila kuzungushwa. Ukiandika kwamba nusu ya wimbo ni ya watunzi wa nje na nusu ni ya wasichana watano, kila msichana ana asilimia 10, na hesabu hiyo inaeleweka hata na mzazi asiyejua lolote kuhusu muziki. Isainiwe siku wimbo unapokamilika, kabla watu hawajatoka studio, maana baada ya wimbo kupendwa kila mtu hukumbuka kwa namna yake. Tofautisha pia haki tatu ambazo wasanii wengi huzichanganya: haki ya mtunzi katika maneno na melodi, haki ya mwenye rekodi yenyewe, na haki ya mwimbaji aliyetoa sauti. Mtu anaweza kuwa na moja akakosa mbili. TLC wa Atlanta walitangaza kufilisika mwaka 1995, wakati albamu yao ya pili, CrazySexyCool, ikiuza mamilioni ya nakala, kwa sababu walikuwa maarufu kwa rekodi ambazo mapato yake yalipitia mikono mingi kabla ya kuwafikia. Afrika Mashariki tunaye Angela Ndambuki, aliyekuwa mmoja wa wasichana wa kundi la Tattuu la Nairobi, kisha akawa mwanasheria na mkuu wa PRISK, chama kilichokusanya mirabaha ya waimbaji na wapigaji ala nchini Kenya. Mtu aliyesimama jukwaani ameona kwa karibu ni haki ipi hupotea kwanza. Jiungeni na chama kinachowahusu huko mliko, na kila mwanakundi ajisajili kwa jina lake.

Ndani ya studio, umiliki unaanza kusikika. Spice ilirekodiwa kwa sehemu katika studio za Strongroom, Shoreditch, mashariki mwa London, na timu mbili za maprodyuza: Stannard na Rowe kwa upande mmoja, na wawili waliojiita Absolute, Paul Wilson na Andy Watkins, kwa upande mwingine. Absolute walikuwa wamezoea R&B ya Kimarekani; wasichana walivuta upande wa pop, na mvutano huo ndio unaosikika katika Say You'll Be There na Who Do You Think You Are. Chukua timu mbili, usizidishe. Ukigawa nyimbo 10 kwa maprodyuza 8 ili kila mmoja akupe kibao, utapata mkusanyiko wa maprodyuza 8, na wasichana watakuwa wageni kwenye albamu yao wenyewe. Kisha sikiliza mwanzo wa Wannabe kwa spika za masikioni. Kabla ya muziki kuingia kuna nyayo za mtu anayekimbilia kipaza sauti, halafu kicheko cha Melanie Brown. Fundi mwangalifu angefuta vile vishindo kama makosa. Wao waliviacha, na sekunde hizo chache zinamwambia msikilizaji kwamba chumbani kuna watu halisi wenye furaha. Usisafishe kila kitu.

Katika kugawa sauti, kanuni yangu ni kwamba msikilizaji aliyefumba macho aweze kumtambua kila msichana kufikia wimbo wa tatu. Melanie Chisholm alikuwa na sauti ya juu iliyobeba sehemu ngumu, Emma alikuwa na sauti laini, Melanie Brown na Geri Halliwell walipenda kutamka na kurap kwa ukali. Hakuna aliyelazimishwa kuimba kama mwenzake. Mwenye sauti kubwa kuliko wote usimpe albamu nzima hata kama prodyuza anakubembeleza, kwa sababu ukifanya hivyo unatengeneza albamu ya mwimbaji mmoja na wacheza dansi wake, na kundi litajua hivyo kabla ya mashabiki. Mada nazo zitoke kwenye maisha ya wasichana wenyewe. Spice ilizungumzia urafiki unaotangulia mapenzi, ugomvi na upatanisho na mama mzazi katika wimbo wa Mama, na hata 2 Become 1, wimbo wa mahaba, hauoni aibu kugusia kinga. Hizo ni habari ambazo mtunzi wa kukodiwa, mwanamume wa makamo, asingeziwaza kwa mpangilio ule.

Uchaguzi wa singo ya kwanza ndio mtihani wa lile swali la tatu. Virgin hawakuiamini Wannabe. Walijaribu kuirekebisha kwa miksi mpya ya Kimarekani, wasichana wakaikataa, na hatimaye fundi wa miksi Mark Stent akaichanganya upya kwa namna iliyowaridhisha. Lebo na meneja walipendelea wimbo uliotulia zaidi utangulie. Wasichana walishikilia msimamo kwamba Wannabe ndiyo inayosema wao ni akina nani. Ilitoka Uingereza Julai 1996, ikaingia kwenye chati ikiwa namba 3, wiki iliyofuata ikapanda kileleni na kukaa huko wiki 7. Februari 1997 ikawa namba moja Marekani. Utaniambia kwamba wasanii hukosea pia, na kwamba wapo wengi walioshikilia wimbo mbovu ukawazamisha. Kweli. Kwa hiyo mkataba usimpe upande wowote mamlaka yote: andika kwamba lebo haiwezi kutoa singo ambayo wengi wa wanakundi wameikataa, na wanakundi hawawezi kulazimisha wimbo ambao lebo imekataa kuugharamia. Kifungu hicho kinalazimisha mazungumzo. Na mnapobishana, pimeni wimbo kwa swali hili: je, mtu asiyewajua, akiusikia mara moja, atajua kwamba ni kundi, na atatamani kuwa rafiki yao?

Promosheni ya Spice ilitumia njia ambazo leo zinaonekana za kawaida, lakini zilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na kitu cha kweli cha kutangaza. Video ya Wannabe ilipigwa Aprili 1996 katika jengo la zamani la Midland Grand Hotel, St Pancras, ikionekana kama shoti moja ndefu isiyokatwa: wasichana wanaingia kwenye karamu ya watu wenye hadhi zao, wanapanda meza, wanavuruga kila kitu, wanatoka kukimbilia basi. Wakubwa wa lebo hawakuipenda. Lakini ilipopelekwa The Box, kituo cha kebo ambacho watazamaji walipiga simu kuomba video wanazotaka, watazamaji wakaiomba bila kuchoka hata kabla singo haijafika madukani. Wewe ambaye huna fedha za Virgin zingatia hapo. Kilichofungua mlango ni mahali ambapo watazamaji wenyewe wana kura, na mahali pa namna hiyo leo pamejaa: TikTok, hali za WhatsApp, vipindi vya maombi kwenye redio za mikoani. Peleka wimbo huko wiki kadhaa kabla ya tarehe rasmi, ukiwa na video yenye tukio moja ambalo mtoto anaweza kumsimulia mwenzake.

Majina ya utani nayo yana somo. Posh, Baby, Scary, Sporty na Ginger hayakutoka kwa wasichana wala kwa idara ya matangazo ya lebo. Yalibuniwa na Peter Loraine, mhariri wa jarida la Top of the Pops, mwaka huohuo wa 1996. Yalinata kwa sababu mhariri aliandika alichokiona: yule wa suti za michezo alikuwa kweli anavaa suti za michezo. Ukikaa ofisini ukawagawia wasichana tabia, mmoja mpole, mmoja mkorofi, utawatesa kuigiza kwenye kila mahojiano, na waandishi watalijua hilo siku ya kwanza. Angalia wanachovaa wanapokuja mazoezini, halafu kikuze. Gauni maarufu la bendera ya Uingereza ambalo Geri alilivaa kwenye tuzo za BRIT Februari 1997 lilitokana na kitambaa cha kukaushia vyombo chenye picha ya bendera kilichoshonewa juu ya gauni fupi jeusi. Wazo lilikuwa la mvaaji mwenyewe, na picha yake ilizunguka dunia.

Ratiba yao inafaa kuigwa karibu kama ilivyo. Singo ya kwanza Julai, ya pili Oktoba, albamu mwanzoni mwa Novemba, singo ya tatu Desemba ikawa namba moja ya Krismasi, na ya nne Machi 1997 ikiwa na nyimbo mbili, Mama na Who Do You Think You Are, mapato yakienda kwa shirika la hisani la Comic Relief. Zote nne zilifika namba moja Uingereza. Kati ya singo na singo kulikuwa na miezi miwili au mitatu, muda wa kutosha wimbo kuzoeleka bila kuchosha. Wapo watakaosema albamu imekufa, kwamba sasa watu wanasikiliza wimbo mmoja mmoja mtandaoni. Blackpink wa Korea Kusini walianza mwaka 2016 na kutoa albamu yao kamili ya kwanza, The Album, Oktoba 2020 tu, ikiwa na nyimbo 8, na ilipokewa kwa kishindo. Kilichobadilika ni muda: unaweza kutanguliza singo nne au tano kabla ya albamu. Lakini albamu bado ndiyo inayompa kila msichana nafasi ya kusikika kwa upana, na ndiyo inayokupa nyimbo za kutosha kujaza shoo ya saa nzima.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba kiwanda kinafanya kazi. Lebo ya Motown iliwapa Supremes nyimbo za watunzi Holland, Dozier na Holland, na kuanzia 1964 wakapata namba moja tano mfululizo Marekani. Girls Aloud walitokana na shindano la televisheni la Popstars: The Rivals mwaka 2002, na kwa miaka mingi waliimba nyimbo zilizoundwa na timu ya Xenomania, nyingi zikiwa bora kabisa. Sikatai, tena muziki huo naupenda. Ila Meet The Supremes, albamu yao ya kwanza ya mwaka 1962, haikuvuma. Kampuni kubwa ilikuwa na uwezo wa kusubiri miaka mpaka kibao kipatikane, na Girls Aloud walikuwa na televisheni ya taifa iliyowatambulisha kwa mamilioni kila wiki. Wewe huna kimoja kati ya hivyo. Kundi dogo linabebwa na nguvu ya wanakundi wenyewe, wanaopanda daladala kwenda redioni saa kumi na moja alfajiri bila malipo, na mtu hafanyi hivyo miezi sita kwa ajili ya mali ya mwingine.

Wadhamini wakija, weka kikomo. Mwaka 1997 Spice Girls walikuwa kwenye matangazo ya soda, vibanzi vya viazi, chokoleti, kamera na manukato, huku tamasha lao la kwanza kamili likifanyika Istanbul Oktoba mwaka huo, karibu mwaka mzima baada ya albamu. Novemba waliachana na Fuller, na Mei 1998 Geri akaondoka. Wapo wanaotumia kuondoka huko kuonyesha kwamba mgao sawa haukusaidia. Mimi naona uchovu ndio uliowavunja. Fedha za nyimbo hazikuwahi kuwa chanzo cha ugomvi wao mkubwa, na mwaka 2019 wanne kati yao, bila Victoria, walijaza viwanja vya Uingereza na Ireland kwa jina lilelile. Watu huondoka. Mwimbaji Cindy aliondoka kundi la wasichana la Blu*3 la Uganda mwaka 2008 na akajijengea jina kubwa peke yake. Kwa hiyo andika kifungu cha kuondoka sasa, kabla singo ya kwanza haijatoka na wakati wote bado wanacheka pamoja: anayeondoka anabaki na fungu lake katika nyimbo alizoshiriki, anaacha jina, na ana ruhusa ya kusema alikuwa nani. Usimlipe prodyuza hata saa moja ya studio kabla kifungu hicho hakijasainiwa na wote.